Kwa Nini Mfinyanzi Hulia Gaeni

Mkimwona mfinyanzi amekaa gulioni nyuma ya vyungu vyake, vyungu vizuri vya kupendeza, naye anakula kiporo chake kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, mnacheka. Mnasema ni ubahili. Wengine mnasema ni uchawi, maana watu wa siku hizi kila msichokijua ni uchawi. Haya, chekeni mmalize, kisha msikilize.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Kulikuwa na wakati ambapo mfinyanzi ndiye aliyekula kwenye chungu kizuri kuliko watu wote. Akishachoma vyungu vyake na majivu yakapoa, alivigonga kimoja kimoja kwa kidole akisikiliza. Kilicholia vizuri zaidi alikiweka jikoni kwake. Vilivyofuatia aliwapa dada zake na wifi zake. Vilivyobaki, pamoja na vile vyenye ufa mwembamba kama unywele, alivisiriba uji mzito wa mtama, akavikausha, akavishusha bondeni kuwauzia watu wa huko. Wafinyanzi wote wa mlimani walifanya hivyo, mama akimfundisha binti, wala hakuna aliyeona haya. Uji ule waliuita dawa.

Na chungu hakikuuzwa kwa hela. Bei yake ilikuwa tumbo lake: mnunuzi alikijaza mtama au kunde, mfinyanzi akabaki na nafaka, mnunuzi akaenda na chungu.

Basi huko mlimani alikuwako mfinyanzi mmoja, jina lake Nakijwa, mjane aliyekuwa akilea wajukuu. Mwaka ule njaa ilifagia maghala yote ya mlimani, watu wakala hata mbegu. Nakijwa naye aliwapikia wajukuu uji wa mbegu yake ya mwisho, akaukoroga huku akijua vizuri anachokifanya. Sasa mawingu ya masika yalikuwa yamejikusanya, na majirani walikwisha kutifua mashamba. Shamba alikuwa nalo, jembe alikuwa nalo, mbegu hakuwa nayo hata punje. Mvua ikimkuta hivyo ilikuwa njaa nyingine ya mwaka mzima, na yule mjukuu mdogo asingeimaliza.

Alfajiri ya siku ya gulio aliweka ngata kichwani, akajitwika tenga la vyungu, akashuka. Magoti yalimuuma. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Chakula chake, ndizi mbichi alizozipika usiku, alikuwa amekitia katika chungu chake cha jikoni, akakifunika kwa jani la mgomba, akakishika mkononi. Kilikuwa chungu bora kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, cheusi, chembamba, ukikigonga kinalia ngaa.

Gulioni hakuna aliyenunua. Watu wa bondeni walipita, wakatazama, wakaenda zao, maana walikuwa wamechoka kuona chakula chao kikimwagikia mafigani. Wafinyanzi wenzake walipaza sauti kusifu vyungu vyao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku ile vyungu vya mlimani vilitembezwa gulio zima bila mtu kuvigusa. Nakijwa hakusifu chochote. Sauti ya kusifu hakuwa nayo.

Jua lilipoanza kupinda akaja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, kapu la mtama kichwani, na mkononi ameshika gae kubwa. Jina lake Nambua. Alilitua lile gae mbele ya Nakijwa, akaeleza bila kufoka kwamba chungu kile alikinunua hapo hapo, kwake huyo huyo, kabla mwezi haujaandama. Kilipasuka motoni kunde zikiwa karibu kuiva, moto ukazimika, watoto wakalala na njaa. Na leo amerudi na mtama mwingine, kwa sababu hana pengine pa kununua chungu.

Nakijwa alilitambua gae, maana pale ukingoni palikuwa na alama ya kidole chake mwenyewe. Wenzake wakamkonyeza akane. Jibu lilikuwapo, nalo ni la siku zote: moto wako ulikuwa mkali, dada. Nakijwa alifungua kinywa alitoe. Lakini kusema uongo nako kunataka nguvu, na zake zilikuwa zimeishia kwenye mteremko.

"Kilikuwa na ufa, mwanangu," akasema. "Niliuona. Nikausiriba uji."

Wenzake wakaguna. Nambua akauliza neno ambalo hakuna mtu wa bondeni aliyewahi kumuuliza mfinyanzi.

"Na wewe mama, kwako unapikia kipi?"

Nakijwa akakitazama chungu chake cheusi. Angeweza kusema hakiuzwi, na kweli hakikuwa cha kuuzwa. Aliona aibu, na pamoja na aibu aliona uchungu, kwa kuwa alikipenda, nacho ndicho kitu kizuri pekee kilichobaki nyumbani mwake. Akaondoa lile jani. Hakuwa na pa kuziweka ndizi zake, akalivuta gae la Nambua, akalifuta kwa upindo wa nguo, akazimimina humo. Akakipangusa chungu, akakisukuma mbele.

"Hiki hapa," akasema.

Nambua akakijaza mtama mpaka ukafurika, akaumimina kwenye nguo ya Nakijwa, akaondoka na chungu. Nakijwa akabaki anakula ndizi zake gaeni, kwa kuwa alikuwa na njaa, machozi yakimdondoka, wala hakujali nani anamwona.

Walimwona wengi. Nambua alipoulizwa njiani, aliwaambia kwamba yule mama anayelia pale hakujibakizia kizuri hata kimoja, amebaki na gae. Watu wakarudi. Wakamwomba awagongee vyungu wasikie, naye akavigonga vyote mbele yao. Vilivyolia vibaya alivivunja kwa mkono wake. Vizima vilijazwa mtama na kunde mpaka vikaisha, na mvua ya kwanza ilimkuta akipanda mlima, tenga la mbegu kichwani, amelikinga kwa viganja vyake viwili. Kesho yake akapanda.

Wenzake walimkasirikia sana. Walimwita msaliti, wakasema amewavunjia wote vyungu vyao. Lakini gulio lililofuata, kila mfinyanzi aliyeonekana akila kwenye chungu kizima alirudi mlimani na mzigo wake wote. Hawakuwa wajinga, wakaelewa.

Na tangu siku hiyo mfinyanzi hulia gaeni. Si kwamba hana vyungu. Kila akichoma, kile kinacholia vizuri kuliko vyote hukishika, hukigeuza, hukitamani, kisha hukitia tengani pamoja na vingine. Amechoka, ndiyo, na chakula cha gaeni hupoa upesi. Kwa hiyo nyinyi mnaocheka, sikieni. Siku mtakayomkuta gulioni mfinyanzi anakula kwenye chungu kizuri, msimcheke huyo. Jitwikeni mtama wenu, mrudi nao nyumbani.