Kwa Nini Kambare Ana Ndevu Nane na Hukaa Matopeni

Mkimshika kambare, watoto wangu, mtazameni mdomoni. Mtahesabu ndevu nane, laini kama nyuzi. Zamani hakuwa na hata moja. Uso wake ulikuwa mtupu kama jiwe la mtoni, naye aliishi kwenye maji maangavu, akitafuta chakula kwa macho.

Siku hizo uvuvi ulikuwa wa wenye mitumbwi na nyavu. Asiyekuwa navyo alikwenda mtoni kuteka maji tu. Kisha mwaka mmoja nzige wakamaliza mashamba. Mwanamke aitwaye Nyamizi akabaki nyumbani na mkwewe na mtoto mchanga, Kabula. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta nafaka na hajarudi. Maziwa ya Nyamizi yakaanza kukauka. Kabula alilia sana, kisha akalia kidogo, na huko kulia kidogo ndiko kulikomtisha mama yake zaidi.

Nyamizi akaenda mtoni na alichokuwa nacho: ufito mrefu, miiba ya mgunga, na nyuzi nane alizosokota kutoka kwenye mgomba wake wa mwisho. Akachimbua minyoo penye unyevu, akamchomeka mmoja kwenye mwiba. Juu ya uzi akafunga kipande cha tete, kielee na kumwonyesha samaki akigusa.

Shemeji yake, Maganga, akapita na mtumbwi.

"Shemeji, hiyo fimbo unamchapa nani?"

"Samaki, shemeji. Wamekuwa watundu, hata wewe hawakusikii."

Maganga akacheka, lakini si sana. Mtumbwi wake ulikuwa mtupu.

Tete likatikisika. Nyamizi, kwa hofu ya kumkosa, akavuta papo hapo kwa nguvu zote. Uzi ukakatika, na kambare akaondoka nao ukining'inia mdomoni. Kwa kuwa alikuwa mlafi, alirudi tena, na Nyamizi akavuta vilevile. Siku ya nne nyuzi zote nane zilikuwa zimekwisha, zote mdomoni mwa kambare. Zilimchezea mbele ya macho hata asione kitu. Akakimbilia matope ya ukingoni, akajifunza kula kwa kupapasa kwa nyuzi hizo.

Nyumbani, Kabula alikuwa ameacha kulia kabisa. Nyamizi akaitazama mbeleko ya ngozi aliyombebea, akachukua kisu.

"Mwanangu," mkwewe akasema, "mbeleko haikatwi mtoto angali hai. Ukiikata, umekwisha kumuaga."

"Nisipoikata, mama, nitambeba nani?"

Akakata ukanda mwembamba kutoka pindo hadi pindo, akaufunga kwenye ufito badala ya uzi, akarudi mtoni.

Kwenye maji maangavu samaki waliuona ukanda ule, wakatawanyika. Hapo Nyamizi akahamia kwenye matope, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutupa wavu. Tete likatikisika. Akauma midomo, akajizuia. Likazama nusu. Akangoja. Lilipozama lote, ndipo akavuta, polepole, akirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka kambare akalala kwenye majani. Zile nyuzi nane zilikuwa zimeshika mdomoni, zimekuwa nyama yake mwenyewe.

Nyamizi akanywa mchuzi, na kesho yake akanywa tena. Maziwa yakarudi. Asubuhi moja Kabula akalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyekimbilia kumbembeleza. Walikaa kwanza wakamsikiliza.

Na tangu siku hiyo kambare na uzao wake wote wana ndevu nane, hukaa matopeni na hula kwa kupapasa. Ndiyo maana anayeanza kuvua, hana mtumbwi wala wavu, huambiwa aende kwanza kwenye matope na ufito wake na mnyoo wake. Kambare haangalii uzi wa mtu ulivyo.