Kisima cha Mseketo na Neno "Ipite"

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni nitakuwa na kazi ya kuwapa. Hadithi hii haina sungura wala mfalme. Ina kisima kimoja, watu watatu, na neno moja lililokiponza kijiji kizima.

Kijiji chenyewe ni Mseketo, huko katika nchi kavu ambako wingu likitokea watu hutoka nje kulitazama. Kina vitongoji vitatu, na katika kila kitongoji palikuwa na mtu mmoja mwenye kipaji chake.

Muhanga, kitongoji cha mbali kuliko vyote, alikaa Bi Sechelela, mjane, ambaye Mungu alimpa sikio. Ukisema jambo leo, kesho angekurudishia neno kwa neno, na pale ulipovuta pumzi angekukumbusha.

Majengo, penye zahanati, alikaa Nehemia, aliyepewa miguu. Watu wakisema fulani yuko mbali, yeye alishakwenda kumsalimia na kurudi.

Na Mkondeni, penye shule, alikaa Damari, aliyepewa ulimi. Akienda kumdai mtu kuku wake aliyepotea, alirudi na kuku wawili, na aliyedaiwa akimsindikiza.

Wote watatu walikunywa maji ya korongo. Kiangazi wanawake walifukua mchanga, wakangoja maji yajikusanye, wakayateka kwa kata, tope na yote. Yudithi, mkwe wake Sechelela, alikuwa mjamzito, na kila jioni alipotua ndoo Sechelela alisikia jinsi alivyoikata pumzi ili mama mkwe asisikie. Mwenyewe goti lilishamkatalia kuteremka korongoni. Alisikia tu, wala hakuwa na la kufanya, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti.

Sasa sikilizeni neno lilivyowaponza.

Mwaka mmoja nyuma, halmashauri ya wilaya iliviuliza vijiji vinataka nini kwanza. Mtendaji wa kijiji, Bwana Tesha, kijana mgeni aliyetoka mjini, akaitisha mkutano mkuu. Akasimama, akauliza kwa Kiswahili chake safi cha ofisini: "Ndugu wananchi, hoja ya kisima ipite?"

Ipite! Kwa watu wa Mseketo, kupita ni kazi ya wingu. Wingu likipita, mtama umekufa. Mvua ikipita, imewaendea wengine. Basi mkutano mzima ukainuka na kupaza sauti: "Isipite! Isipite!" Na mzee mmoja akaongeza, "Ikome hapa hapa!"

Bwana Tesha alishangaa, akauliza mara ya pili. Wakakataa kwa nguvu zaidi, tena kwa makofi. Angefanyaje, maskini? Akapeleka taarifa wilayani kwamba wananchi wa Mseketo wameikataa hoja ya kisima, na kisima kikaenda kuchimbwa kijiji cha jirani.

Mseketo wakabaki wakitazamana. "Tuliwaambia isipite, nayo ikapita," walisema. "Serikali haina masikio." Tangu siku hiyo mkutano ukiitwa, Bwana Tesha alikaa na viti vyake.

Sechelela hakutulia. "Kijiji kizima kipige kelele, asiwepo hata mmoja wa kukisikia?" alimwambia Yudithi. "Nitakwenda huko huko tunakosemwa."

Alikuwa amesikia kwamba baraza la madiwani hukaa wazi, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia. Akafunga safari na goti lake. Mlangoni akaambiwa, "Mama, kaa nyuma, usikilize, usiseme." Akajibu, "Kusema sikuja nako."

Alikaa kutwa. Waheshimiwa walisema, wakabishana, wakanywa chai, wakabishana tena. Ikaja habari ya barabara ya kata fulani, na mwenyekiti akatamka, "Hoja imepita." Ukumbi ukapiga makofi, na diwani wa kata ile akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Sechelela akamwegemea mama aliyekaa kando yake.

"Mwenzangu, mbona anacheka, ilhali hoja imempita?"

"Kupita ndiko kukubaliwa, dada. Isingepita ndiyo angelia."

Sechelela akajifunika khanga usoni akalia, tena kimya kimya, maana kusema hakuruhusiwa. Alilia kwa hasira na kwa aibu. Kijiji kilikuwa kimejinyima maji kwa kinywa chake chenyewe.

Aliporudi akawaita Nehemia na Damari akawasimulia. Niseme ukweli, kwanza walicheka. Damari alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaitazama ndoo yake iliyokuwa mlangoni, akaacha kucheka.

Lakini kujua si kupata. Ilibidi mkutano mkuu ukae useme upya, na mkutano usio na akidi, yaani usiotimiza watu wanaotakiwa na sheria, ni soga tu. Nani angekuja? Ulikuwa msimu wa palizi, na kila mmoja alikuwa na jibu moja: "Tukaseme nini, na hatusikilizwi?" Hapo ikawa zamu ya miguu.

Nehemia alikwenda nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Hakuhubiri. Akimkuta mtu analima, alichukua jembe akalima naye kipande, kisha akasema, "Haya, nami nipe siku yako moja." Wafugaji aliwafuata malishoni. Mmoja alijificha chini ya kitanda, na Nehemia akakaa mlangoni akipiga hadithi na watoto mpaka mwenye nyumba akatoka kwa haya. Kandambili zikakatika, akaenda peku, nyayo zikapasuka. Siku ilipofika watu walijaa hata Bwana Tesha akadhani kuna msiba. Akauliza swali lake lilelile, nao wakaitikia "Ipite!", ingawa wengine walilitamka kama wanaomeza mwarobaini.

Hata hivyo, hoja ya kijiji haiingii barazani yenyewe. Huingia kwa kinywa cha diwani. Na diwani alikuwa amechoshwa na Mseketo. "Mwaka jana mlikataa mchana kweupe," alisema. "Leo nikasemeje? Nionekane diwani wa vigeugeu?" Akashika mlango wa gari lake. Hapo ikawa zamu ya ulimi.

Damari alikwenda akasimama mbele ya gari. "Mheshimiwa," alisema, "ukimwona mwenye kiu anakataa maji, utamwita kigeugeu, au utamuuliza ameambiwa nini? Sisi kisima hatukukikataa. Tulikililia kwa lugha yetu, mkatusikia kwa lugha yenu."

"Nikiyasema hayo watanicheka."

"Wakucheke. Wewe utachekwa siku moja. Sisi tunakunywa tope siku zote."

Diwani akauachia mlango wa gari. Alikwenda barazani akayasema maneno ya Damari kana kwamba ni yake, na wenzake wakacheka kweli, na hoja ikapita. Nasema ikapita!

Hadithi ingeishia hapo tungepiga vigelegele tukalale. Haikuishia hapo.

Walikuja wapimaji wa maji, wakatembea na vyombo vyao, wakaonyesha sehemu tatu zenye maji: moja Muhanga, moja Majengo, moja Mkondeni. Katikati ni mwamba mtupu. Na kisima ni kimoja. Bwana Tesha akauita mkutano kwenye uwanja wa zahanati. "Mahali pa kuchimba mnachagua wenyewe," alisema. "Mtaje sehemu moja, muipitishe, iwe leo. Mitambo iko barabarani inangoja. Mkishindwa kukubaliana, inaelekea kijiji kinachofuata, na hilo mimi sina uwezo wa kulizuia."

Wa Majengo wakasema zahanati yao haina tone. Wa Mkondeni wakasema watoto wa shule wanakuja na vidumu badala ya madaftari. Wa Muhanga wakasema, sisi ndio wa mbali, nani atatubebea? Mikono ikainuliwa, kila kitongoji kikajiinulia chenyewe, na hakuna kilichofika nusu. Mchana ukasonga. Ndipo ikatoka sauti katikati ya watu: "Kisima kimeletwa na watatu. Aliyefanya kubwa kuliko wenzake, kichimbwe kwake. Waseme wenyewe nani, nasi tutapitisha."

Watu wakaafiki wote, maana mzigo ukimwangukia mwingine ni mwepesi.

"Ni Nehemia," wakasema wa Majengo. "Bila miguu hapana akidi, na bila akidi lile neno mngelijua mkakaa nalo."

"Ni Damari," wakasema wa Mkondeni. "Bila ulimi diwani angepanda gari lake, na akidi yenu mngeila."

"Ni Bi Sechelela," wakasema wa Muhanga. "Bila sikio, Nehemia angewakusanya mje mseme nini? Mngejaa wote mkaseme isipite."

Nehemia akatazama nyayo zake. "Mama Sechelela," alisema, "mimi nilitembea, lakini pa kwenda ulinionyesha wewe." Akataka kuendelea, akamwona mkewe, mhudumu wa zahanati, amesimama na ndoo tupu, akashindwa kuimalizia ile sentensi.

Damari naye alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nikisema Mkondeni watu hawa nitawashawishi, na kesho watanichukia. Nikisema kwingine, watoto nitawatazamaje? Dada Sechi, ulianza wewe. Malizia wewe."

Mkutano mzima ukamgeukia Sechelela.

Yeye ni mtu wa kusikia, jamani, si wa kusema. Akasikiliza. Nyuma yake alimsikia Yudithi, tumbo limefika mwisho, akivuta pumzi ile ile ya kuficha. Neno moja tu, Muhanga, na binti yule asingeteremka tena korongoni. Lakini upande wa pili alisikia watoto wa Mkondeni wakigonganisha vidumu vyao, na mgonjwa mmoja wa Majengo akikohoa kwenye benchi la zahanati. Kila alichokisikia kilikuwa kweli. Sikio lilikuwa limemsaidia kupata kisima, na sasa halikumsaidia kitu. Alitamani angekuwa kiziwi hata kwa dakika moja.

Wingu dogo likatokea juu. Watu wote, kwa mazoea, wakaliinulia macho, wakaliangalia mpaka likapita.

"Mama," akasema Bwana Tesha kwa upole, maana naye alikuwa anaumia, "tunasubiri. Ipite wapi?"

Sechelela akageuka akamtazama Yudithi. Huko barabarani injini ya mtambo ikawashwa kabla hajajibu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisikia.

Basi nyinyi mlionisikiliza, mzigo wenu ndio huu, niliwaambia mapema. Mimi nimeubeba miaka na sijapata pa kuutua. Aliyesikia, aliyetembea, na aliyesema: ungemtoa mmoja wao, kisima kisingekuwapo. Je, wewe ungekiweka kwa nani? Wala usiniambie utafikiri kesho. Dereva ameshapanda, Bwana Tesha anazikunja karatasi zake, na Yudithi ameinama kuchukua ndoo.