Kwato za Punda

“Ngano, wenzangu!”

“Ilete, masikio tumeyatega!”

Hapo kale, mito mingine ikiwa bado haina majina, maradhi yaliingia katika nchi ya wanyama. Aliyeyapata alitoka malengelenge mdomoni, mate yakamchuruzika, kwato zikamuuma hata asiweze kusimama. Ng'ombe wakalala zizi zima. Punda yeye hayakumshika.

Basi kazi ikamwangukia yeye. Alfajiri mtoni, mchana mtoni, jioni mtoni, akiwapelekea maji wagonjwa, na wazima walioogopa kutoka. Mgongo ukamchubuka kwa mitungi.

Njiani palikuwa na dimbwi la magadi, na hapo aliishi ndege Heroe. Siku Punda alipotoka kwa Ng'ombe kwenda kwa Mbuzi, Heroe alimsihi akanyage dimbwini kwanza, magadi yaoshe kwato.

“Nimechoka, ndugu yangu,” alisema Punda. “Nitaosha kesho.”

Akapita. Haikutimia wiki, Mbuzi wakalala.

Alipotoka kwa Mbuzi kwenda kwa Ngiri, Heroe akamsihi tena. Punda akajibu kwamba yeye ni mzima, mzima anaoshwa nini? Akapita. Ngiri nao wakalala. Mitungi ikazidi.

Akabaki Kondoo, juu kilimani. Alikuwa amefunga zizi lake kwa miiba tangu siku ya kwanza, maana alikuwa na mwana mchanga. Punda alimwonea huruma kwa kiu. Akajikokota na mtungi, akapita kando ya dimbwi bila hata kumsikia Heroe, akasukuma miiba, akaingia.

Aliporudi baada ya siku chache, mwanakondoo alikuwa amekufa. Mama yake alikuwa amemlalia, mdomo umejaa vidonda.

“Kaka Punda,” alisema Kondoo polepole, “huku juu hakupanda mwingine ila wewe.”

Punda akatazama chini. Tope la zizi la Ng'ombe, la Mbuzi na la Ngiri lilikuwa limeganda kwatoni, moja juu ya jingine. Alitaka kusema kwamba amechoka. Ilikuwa kweli.

Akateremka hadi dimbwini, akasimama ndani. Magadi yakamchoma penye nyufa, machozi yakamtoka. Heroe hakumlaumu, alimwambia tu angoje kidogo zaidi.

Tangu hapo akaosha kila alipotoka zizi moja kwenda jingine, na maji akayaacha mlangoni. Maradhi hayakuvuka tena. Wagonjwa wakainuka mmoja mmoja. Kondoo naye akapona, akawa anayanywa maji ya Punda, lakini salamu hakumpa masika yote. Punda hakumdai salamu. Alitua mtungi, akaenda kuleta mwingine.

Wenzangu, asiyeugua naye huweza kubeba ugonjwa, na uchovu hauoshi kwato. Umsaidiapo mgonjwa, jisafishe kabla hujamwendea mzima.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye yake ajitwike.