Fungu la Pua

Kisa nikitoe, nisikitoe?

"Kitoe!"

Na kikiwa kichungu?

"Tutakimeza!"

Haya basi. Panya Buku alikuwa mpelelezi wa wanyama wote. Akiona jambo asilolielewa, pua humwasha, na ikimwasha halali. Siku moja matikiti ya ghala la wote yakaibwa. Mtemi Kiboko akanguruma, "Mwizi ni Digidigi! Kesho afukuzwe, yeye na wanawe!"

Digidigi akalia, jamani, alilia huyo! Buku akamwonea huruma. Akanusa ghalani, nus nus nus! Akanusa njiani, nus nus nus! Harufu ikampeleka mpaka bwawani kwa Mtemi, ikaishia majini. Ajabu! Imekwenda wapi?

"Mtemi, naomba nipeleleze bwawani kwako."

"Wewe Buku, kazi kakupa nani?"

"Wewe, Mtemi."

"Basi na pua yako ni yangu. Ikome hapo hapo!"

Buku akajikuna pua. "Imekoma, mzee wangu. Ila sasa sijui fungu la pua atakula nani."

"Fungu gani?"

"Si lile la mila? Anayefichua mali ya wizi mbele ya baraza, mavuno yajayo huanza kula yeye mpaka ashibe."

"Mpaka ashibe?"

"Mpaka ashibe."

Kiboko mate yakamdondoka, cho cho cho. "Nimekuachisha kazi! Mpelelezi ni mimi!"

Asubuhi baraza zima likamfuata. Puu, puu, puu! Ghalani hakunusa. Njiani hakunusa. Puu, puu, puu, moja kwa moja bwawani, akajitosa, chubwi! Akaibukia kisiwani, akafunua matete. "Haya hapa! Digidigi kayaficha huku!"

"Hongera, Mtemi," akasema Buku kutoka ukingoni. "Ila pua inaniwasha. Digidigi hata tope hulikwepa. Maji yote haya kayavukaje?"

Wanyama wakavitazama viguu vya Digidigi, vikavu. Wakamtazama Kiboko.

"Na wewe umejuaje, hata hujanusa?" akauliza Kima.

Kiboko akazama, blu blu blu. Digidigi akarudi nyumbani na wanawe. Kiboko mpaka leo anashinda majini, masikio tu juu, anasikiliza kama baraza limeondoka.

Hapo ndipo nilipowaacha, nikaenda zangu.

Fundisho? Mpelelezi huru wa nini! Mkubwa akishukiwa, mwacheni ajipeleleze mwenyewe. Hapotezi muda kutafuta.