Joto, Macho na Kopo

Sogeeni niwape kesi iliyonishinda. Ina wanawake watatu: Shija alikuwa na joto, Zamda alikuwa na macho, na Bi Kalunde alikuwa na kopo. Mnaocheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana humu ndani kuna mtoto anakufa.

Mtoto huyo ni Maganga, wa mwaka mmoja na miezi miwili, mwana wa Nyamizi wa Tabora. Siku ya tisa alikuwa wodini, anaharisha damu, sindano zinaingia na homa iko pale pale. Nyamizi, mwenye mimba ya miezi saba, machozi yalikuwa yamemwishia. Akasema, "Atakayeniokolea huyu, huyu wa tumboni akiwa msichana nitampa jina lake."

Wote walisikia, hata mama mkwe wake, Bi Kalunde, ambaye kwa desturi ya ukoo mjukuu wa kike angeitwa jina lake.

Shija alikuwa mtaalamu wa maabara hapo hospitalini. Alichukua damu ya Maganga akaitia kwenye chupa ya kuoteshea bakteria, kwani wasipoota hawatambuliki. Chupa ile inataka joto kama la mwili wa mtu. Mara umeme ukakatika, usirudi siku mbili. Shija akaifunga chupa tumboni kwa kanga, akatembea nayo, akala nayo, akalala chali asije akaivunja.

"Mwenzetu una mimba?" wenzake wakamtania.

"Ya bakteria," akajibu. Walipoota, akawatuma jijini kwa Zamda.

Zamda alikuwa na mashine inayosoma vinasaba vya bakteria, herufi kwa herufi, mamilioni ya herufi. Kila ukoo wa bakteria una mpangilio wake, na wataalamu wa dunia nzima huweka pamoja waliyoyasoma ili walinganishe. Zamda alilinganisha mpaka macho yakamvimba, kisha akampigia Shija simu.

"Bakteria huyu ana ndugu zake katika nchi mbili ng'ambo ya bahari. Wote walitoka kwa watoto waliokunywa maziwa ya unga. Dawa mnayompa mtoto haimuui, nakuandikia nyingine. Lakini maziwa hayo yakiendelea kuingia, hata hiyo haitafua dafu."

Shija akamuuliza Nyamizi.

"Maziwa ya unga hajawahi kuyaonja," Nyamizi akasema. "Ananyonya, na anakula uji anaoleta mama mkwe kutoka nyumbani."

Dawa ikabadilishwa. Homa ikashuka siku moja, ikapanda tena. Sasa Maganga aliacha hata kulia, na nesi akaanza kupita pale kitandani bila kumtazama mama yake usoni.

Hapo Bi Kalunde akasimama. Nyamizi aliposhika mimba akiwa bado ananyonyesha, bibi huyu alimtaka amwachishe mtoto ziwa, asije akabemendwa, akadhoofika kwa maziwa ya mwenye mimba. Nyamizi alikataa, kwa sababu kliniki walimwambia aendelee. Basi bibi akanunua kopo la maziwa ya unga. Maziwa akayahamishia kwenye mfuko, akauficha sandukuni, akawa anayatia kwenye uji kwa siri, hata uji wa asubuhi ile. Kopo akalibandua karatasi, likawa kipimo cha unga ambacho Nyamizi mwenyewe alikitumia kila siku.

"Nilidhani namwokoa," akasema mbele ya wodi nzima. "Mimi ndiye ninayemlisha."

Akaenda nyumbani, akaleta mfuko na kopo. Maziwa yalipopimwa, bakteria waliokuwamo walikuwa na herufi zile zile. Namba zilizogongwa chini ya kopo zikaonyesha yalikotoka, na makopo ya namba hizo yakaondolewa madukani, hapa na ng'ambo. Maganga akaponea chupuchupu.

Na wa tumboni alikuwa msichana. Leo ni siku ya saba, siku ya jina.

Shija anasema, "Bila mimi, Zamda angesoma nini?" Zamda anasema, "Bila mimi, mngemchoma sindano zisizosaidia mpaka mumzike." Ndugu wa mume wanasema jina ni la bibi tangu zamani, na bila ukweli wake wasomi wale wawili wangeishia kupigiana simu. Ndugu wa Nyamizi wanauliza, mtu anatuzwaje kwa kumtoa mtoto mikononi mwake mwenyewe?

Nyamizi amempakata mtoto, wote wanamtazama mdomo. Nami nimemwonea huruma kuliko ninavyoweza kusema.

Bi Kalunde hajaingia. Yuko jikoni anapika uji wa mzazi. Kopo halikurudi, kwa hiyo anapima unga kwa viganja, na kila kiganja kabla hajakimimina chunguni, anamwita Nyamizi aje aone anachotia.

Haya, mimi nimenyamaza. Je, wewe ungempa mtoto jina la nani?