Midomo Mitatu ya Mfereji

Hapo zamani, mimi sikuwepo, na bibi aliyenisimulia hakuwepo, lakini ndiva ilikuwepo na mawe yake yapo hadi leo. Basi sogeeni, na mwenye usingizi akae karibu na mwenye mdomo apate kuamshwa. Mwishoni nitawauliza jambo, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na mlima, na juu ya mlima kijiji cha Kilangare. Juu ya kijiji palikuwa na chemchemi, na chini ya chemchemi watu walijenga ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo. Jioni ndiva huzibwa, usiku maji hujaa, asubuhi kizibo huvutwa na maji hushuka kwa mfereji hadi mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye kuvuta kizibo alikuwa mwanamke, jina lake Nakiete. Baba yake, mlinzi wa ndiva, hakujaliwa mtoto wa kiume, akamwachia binti yake ule mti mrefu wa kuzibulia. Wanaume walinuna msimu mmoja, kisha wakazoea. Nakiete hakuwa mkali wala hakuwa na maneno mengi. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilimsumbua kama jino bovu.

Sasa, mlima ule ulikuwa na mchanga mweusi wenye chuma, na Kilangare palikuwa na mhunzi aitwaye Kangero. Jembe la Kangero lilikuwa jembe. Ukilima nalo mawe, mawe ndiyo yaliyolalamika. Watu wa Mabondeni, kule chini tambarare, walipanda mlima na mtama na mbuzi wao, wakashuka na majembe begani. Kangero alikula nyama, Mabondeni walivuna, kila mtu alifurahi. Lakini chuma hakiyeyuki kwa kusemeshwa. Kinataka mkaa, na mkaa unataka miti. Kila jembe lilikula mti wake. Msitu ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, mpaka ukabaki ule mdogo uliozunguka jicho la chemchemi, na huo nao ukaingia tanuruni.

Chemchemi ikapungua. Ikawa inadondoka. Ikanyamaza. Nakiete aliendelea kwenda na mti wake kila asubuhi, akisimama juu ya ndiva iliyopasukapasuka, kwa kuwa hakujua asubuhi yake aipeleke wapi kwingine. Watu wa Kilangare wakaanza kuhama kwenda kuhemea chakula nchi za mbali, nyumba baada ya nyumba.

Hapo ndipo wakatokea watu wangu. Nawaita wangu kwa sababu nawapenda, na sifichi.

Wa kwanza ni huyohuyo Kangero. Siku moja alikwenda kwenye chemchemi, akatia mkono katika jicho lake, mkono ukatoka na vumbi. Akarudi nyumbani, akachukua nyundo aliyoachiwa na baba yake, akalibomoa tanuru. Akazichana na ngozi za mivukuto aliyopulizia moto. Mkewe akamuuliza, "Na sisi tutakula nini?"

"Sijui, mke wangu," akasema. "Lakini tukiendelea hivi tutakula majembe."

Toka siku ile akawa mlinzi wa mlima. Aliyekuja na shoka alimkuta Kangero njiani, na Kangero alimjua kwa jina, kwa maana shoka lenyewe ndiye aliyelifua. Akaanza kulima uzeeni, yeye ambaye hakuwahi kushika jembe ila kwa kulinoa. Mistari yake ya mtama ilikwenda upogo, watoto wakamcheka, naye akacheka nao na kuendelea kulima.

Wa pili ni Namwai, mjane. Shamba lake lilikuwa palepale kwenye jicho la chemchemi, kati ya visiki vya miti ile ya mwisho, udongo mweusi ulioshika unyevu, magimbi na migomba. Namwai hakuchoma mkaa hata siku moja. Lakini aliona jambo: miti haitarudi pale maadamu jembe lake linapalilia. Hakuna aliyemwomba kitu. Nakiete alimkuta asubuhi moja anang'oa migomba yenye mikungu, machozi yanamtiririka, mikono haisimami.

"Namwai, umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu, dada. Nishikie huu, ni mzito."

Nakiete akaushika. Wakang'oa pamoja mpaka jua likawaka. Namwai akahamia kipande cha mteremko chenye mawe ambacho hata mbuzi walikipita upesi. Watu wakasema mjane amerukwa na akili. Lakini Nakiete kila alipopita pale aliinamisha kichwa kidogo, kama unavyofanya ukipita mbele ya mtu mzima.

Wa tatu si mtu mmoja, ni watu wa Mabondeni, na mkubwa wao aliitwa Sekao. Hao hawakukata mti wa mlimani wala hawakuwa na shamba la kutoa. Waliposikia kwamba Kangero na Namwai wanapanda miche na miche inakufa kwa jua, walijaza vibuyu kwenye dimbwi lao la mwisho, wakajitwika, wakapanda. Maji kupanda mlima, nani aliwahi kuyaona? Walipanda kiangazi hiki, wakapanda kiangazi kile, wanawake wana watoto mgongoni, wazee wanapumzika kila kona. Kila mche ukapata kata yake ya maji. Katika msafara ule alikuwamo Mbonea, binti wa Nakiete, aliyeolewa Mabondeni. Alimsalimu mama yake bila kutua kibuyu, maana akitua hangeweza kukiinua tena.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Miche ikashika, ikawa miti, ikafunika jicho la chemchemi. Na asubuhi moja Nakiete alipofika na mti wake, alikuta udongo umelowa. Akapiga magoti, akaweka shavu lake pale chini, akakaa hivyo muda mrefu.

Mashamba yaliyopandwa mwaka ule yalikuwa matatu tu, maana wengine walikuwa bado hawajarudi: la Kangero, la Namwai, na la Mabondeni walilolima wote kwa pamoja. Na mfereji wa Kilangare ukishuka kidogo hugawanyika midomo mitatu. Mmoja ulikwenda kwa Kangero, mmoja kwa Namwai, mmoja Mabondeni. Desturi ilisema kwamba maji yakirudi baada ya ukame, ya kwanza ni ya aliyeyarudisha. Mwenye kusema ni nani ni mlinzi wa ndiva, na akishavuta kizibo hakuna wa kumbishia.

Ndiva ilipojaa, Nakiete alisimama na mti wake, akajiambia, mimi ni nani hata nichague? Akavuta kizibo, akaiacha midomo yote mitatu wazi. Watu wakamsifu kwa uadilifu wake. Lakini mfereji uliokauka miaka una kiu kuliko shamba. Maji yaligawanyika, yakawa membamba, yakanywewa njiani. Kangero alingoja, hakuona tone. Namwai alingoja, hakuona tone. Mabondeni walingoja hadi jioni wakiwa wameshika majembe, wakarudi nyumbani. Nakiete alikwenda kwake akajifungia.

Chemchemi ilikuwa bado changa. Ilijaza ndiva taratibu sana, na ilipojaa mara ya pili jua lilikuwa limekwisha kuupasua tena mfereji, na mtama umeanza kukunja majani. Ya tatu haingewahi, kila mtu alilijua hilo. Maji yale yangefika shamba moja tu, na shamba hilo lingezaa.

Basi wakaja wote pale ndiva mchana, Nakiete akaketi ukingoni, akasema, "Semeni. Nitavuta kesho asubuhi."

Kangero akaanza. "Bibi Nakiete, aliyekausha chemchemi ni mimi, sina pa kujificha. Lakini moto ule hakuna mwingine aliyeweza kuuzima. Hawa wangepanda miche mpaka wachoke, kama ningekuwa nafua ningeigeuza mkaa yote. Nimeivunja kazi ya baba na babu yangu, na hakuna aliyenishurutisha. Mkininyima maji, wahunzi wote wa milima hii watajifunza kwamba anayeacha kukata hufa njaa. Nani mwingine ataacha?"

Watu wakatikisa vichwa. Lilikuwa neno.

Namwai akasema, "Fundi amerudisha alichochukua, na Mungu ambariki. Mimi sikuchukua, nilitoa. Nilikuwa na shamba ambalo halikukosa kuzaa hata mwaka wa nzige. Leo chemchemi inatokea pale palipokuwa na magimbi yangu. Maji haya ni shamba langu, ndugu zangu, limegeuka tu umbo. Na wanangu wanalima mawe. Mnataka ninywe baada ya nani?"

Watu wakatikisa vichwa. Nalo lilikuwa neno.

Sekao akasimama, jembe begani. "Mkwe wetu Nakiete, sisi hatukukata na hatukuwa na shamba la kutoa. Tulikuwa na shingo, tukazitoa. Maji ya kunywa ya watoto wetu tuliyamwagia miti isiyo yetu. Na sisi siku zote ni wa mwisho, kwa kuwa tuko chini. Ndiva ikijaa mnatukumbuka, ikipungua mnatusahau. Tena sisi ni wengi. Shamba letu likifa, zinakufa nyumba nyingi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sisi hatukuwa wa kwao, na tumekula."

Hapo wakaguna wengi. Kangero hakukasirika. Akauliza taratibu, "Mzee Sekao, hilo jembe begani mwako lilitoka wapi?"

Sekao akalishusha jembe.

"Na lako, Namwai, ulilong'olea migomba?"

Namwai akatazama chini.

"Sikuwahi kula chuma, jamani," akasema Kangero. "Nilifua mlichokiagiza."

"Ni kweli, tulinunua," akajibu Sekao. "Tulilipia jembe. Bei ya msitu hukututajia."

"Hata mimi hakuna aliyenitajia."

Kijana mmoja wa Mabondeni akasema kwa nini wasigawane mavuno ya shamba litakalonyweshwa. Namwai akamjibu kwa upole, "Mwanangu, shamba moja tukiligawana sote tutakula siku chache, kisha tutakula na mbegu. Mwakani tutapanda nini?" Sekao akaafiki, Kangero akaafiki. Kisha Namwai akatoa viazi alivyochoma, vichache kweli, akavikata vipande, wote wakala, hata wale waliotoka kurushiana maneno. Nawaambieni, watu wa namna hii sijawaona wengi.

Walipokuwa wakitawanyika, Mbonea alimkaribia mama yake. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala.

"Mama, kesho usinitazame."

"Nitawezaje, mwanangu?"

"Utazame maji," akasema Mbonea, akashuka mlima na wenzake.

Asubuhi Nakiete akapanda, mti wa kuzibulia bega hili, jembe mkono huu. Njiani aliwaza. Kangero akikosa, mkewe atamwambia alijenge upya tanuru, naye atamwambia nini? Namwai akikosa, atarudi kulima kwenye jicho la chemchemi, na nani atakuwa na uso wa kumkataza? Mabondeni wakikosa watahama na vibuyu vyao, na miti ile bado michanga, kiangazi kijacho itanyweshwa na nani? Tena akiwapa Mabondeni watu watasema mama amemnywesha bintiye. Asipowapa, yule mtoto wa mgongoni ni mjukuu wake. Aliwapenda wote, na mapenzi yale hayakumsaidia kitu.

Akafika. Wote walikuwa wamesimama, kila mmoja kwenye mdomo wake wa mfereji, hakuna aliyemwita. Mbonea alikuwa ameugeuzia uso upande wa bondeni. Nakiete akatumbukiza mti, akaomba kizibo kikwame. Hakikukwama. Kilitoka kwa mara moja, na maji yakaruka yakaanza kushuka. Nakiete akakimbia pembeni ya mfereji, akayatangulia, akasimama pale midomo mitatu inapoachana. Udongo wa kuzibia ulikuwa tayari. Midomo miwili ilipaswa kuzibwa na mmoja uachwe, na akisita maji yatajigawa yenyewe kama mara ya kwanza. Akainua jembe. Ndipo akaona, kwenye shingo ya chuma, alama ya nyundo ya Kangero.

Bibi aliyenisimulia, akifika hapa, alikuwa ananyamaza. Alitoa jembe lake kuukuu nyuma ya mlango, akamwekea magotini yule aliyekaa karibu naye. Siku moja aliniwekea mimi, na lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Nami sasa nawawekea ninyi. Lishikeni. Maji yameshapita jiwe la mwisho, yanakuja, na wale pale wanakutazameni. Mtaziba ipi, mtaacha upi? Je, nani alistahili maji yale?