Kidani Kilichomjibu Pimbi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na milango yake, asubuhi moja jambo la mwisho la kawaida kutokea bondeni lilikuwa salamu. Mzee Tembo alisimama kwenye ukungu, macho yamefumbwa nusu, akisubiri wadogo waje kumwamkia.

Tangu mkewe afariki, Tembo alikuwa ameizungushia ukuta chemchemi waliyokuwa wakichota pamoja. Lango lake halikuwa na ufunguo. Shingoni alivaa kidani cha shaba alichofuliwa na Kakakuona mhunzi. Akikaribia, lango huuliza taratibu, ngiii; kidani hujibu, nguuu; nalo hufunguka bila kuguswa. Alijivuna kwamba hakuna awezaye kukiiba bila kumwangusha yeye kwanza.

Kijito cha jirani yake mdogo, Pimbi, kilikuwa kimekauka na watoto wake wana kiu. Kila Pimbi alipomwomba Tembo maji, aliambiwa asubiri mvua.

Asubuhi hiyo akaja na kibuyu kitupu kifuani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Huko salamu ya heshima haikatizwi. Pimbi akainama chini ya kidani, akaulizia magoti ya mzee, usingizi wake, hata ndoto zake. Tembo akajibu yote, polepole, kama aliyelala. Katikati ya maneno Pimbi akavumisha puani, ngiii. Kidani kikajibu, nguuu. Sauti ikaingia kibuyuni, naye akakiziba.

Alipofika langoni akakizibua. Lango likauliza, kibuyu kikajibu.

Alasiri Tembo alikuta lango wazi na watoto wa Pimbi wamelala kando ya maji, matumbo yamejaa. Alipapasa shingo. Kidani kilikuwapo.

"Umekiibaje?" akamwuliza Pimbi.

"Sikukigusa, babu. Nilikiuliza tu, kikanijibu."

"Kinanijua mimi."

"Kinakutaja wewe kwa kila aulizaye, babu. Anayeuliza ni nani, hakijui."

 Watoto walikuwa wakikoroma, khoro, khoro. Tembo hakuwaamsha.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Kakakuona, akafuliwa kijaluba kizito cha chuma cha kutia kidani, kisisikie wala kujibu mpaka mwenyewe akifunue. Kisha akapita kwa Pimbi, akamwambia achukue mtungi waende pamoja chemchemini. Pimbi akainama kumwamkia. Mzee aliitikia marahaba, mkonga wake ukiwa juu ya kijaluba.

Mlinzi anayemjibu kila aulizaye, wanangu, hajamlinda mtu.